Betri Hupimwa kwa Kukamuliwa

Mwezi Mei 1881 sanduku dogo lilisafirishwa kutoka Paris hadi Glasgow kwa saa 72. Ndani yake mlikuwa na betri nne za risasi na asidi, kazi ya Mfaransa Camille Faure, zikiwa zimekwisha kuchajiwa. Zilikuwa zikipelekwa kwa Sir William Thomson, mwanafizikia ambaye baadaye alijulikana kama Lord Kelvin. Barua iliyochapishwa katika gazeti la The Times ilidai kwamba sanduku hilo, lenye ukubwa wa futi moja ya ujazo, lilikuwa na nishati ya karibu futi-paundi milioni moja.

Thomson alizipima na kuzisifu. Daktari wa upasuaji wa chuo chake, Profesa George Buchanan, alichukua betri moja, akaitumia kupasha waya moto, na kwa waya huo akaondoa uvimbe kwenye ulimi wa mtoto wa kiume kwa takriban dakika moja, bila damu kumwagika. Shangwe ikatanda. Ndipo Osborne Reynolds, mhandisi wa Manchester, alipoandika kwamba nishati hiyo yote iliyostaajabiwa hupatikana katika wakia moja na nusu ya makaa ya mawe.

Hivyo ndivyo swali la uwezo halisi wa betri lilivyofika mbele ya umma. Betri ya kuchaji yenyewe haikuwa mpya: Gaston Planté aliiunda mwaka 1859, na Faure aliiboresha tu. Kilichokuwa kipya ni kwamba sasa kulikuwa na kampuni zilizotaka kuiuza, na wanunuzi waliotaka kujua wananunua kiasi gani cha umeme. Kopo la mafuta ya taa mtu hulitazama akajua limefika wapi. Betri haionyeshi kitu. Iliyojaa na iliyokwisha zina sura moja na takriban uzito uleule.

Mwaka huohuo wataalamu wa umeme walikutana Paris kwa kongamano lao la kwanza la kimataifa, Thomson akiwamo, wakakubaliana juu ya vipimo: volti, ohmu, ampea, kulombu na faradi. Kabla ya hapo mfanyabiashara aliweza kuisifia betri yake kwa namba ambayo mnunuzi hakuwa na pa kuilinganishia.

Mapema mwaka 1882 vipimo hivyo vilipata kazi. Katika Conservatoire des Arts et Métiers, Paris, kamati ya wataalamu ilichaji betri 35 za Faure, ikazikamua, ikaandika kilichoingia na kilichotoka. Kwa hesabu ya wingi wa umeme, takriban sehemu tisa kati ya kumi zilirudi. Kwa hesabu ya nishati, ilirudi takriban asilimia 60 tu, kwa sababu volti inayohitajika kuchaji huwa juu kuliko volti ambayo betri hutoa inapotumika. Betri moja ikawa na majibu mawili, yote ya kweli, na muuzaji akawa na nafasi ya kuchagua lile linalompendeza.

Thomas Edison hakuwa na subira na biashara hiyo. Mwaka 1883 alimwambia mwandishi wa habari kwamba betri za kuchaji ni mtego wa kuwalia watu fedha zao, na kwamba mtu akianza tu kuzishughulikia, kipaji chake cha uongo huamka. Miaka ishirini baadaye alikuwa akiuza za kwake, za nikeli na chuma, kwa matangazo makubwa. Zikaanza kuvuja na kupoteza uwezo mikononi mwa wateja. Edison alisimamisha uzalishaji, akarudi maabara, akapima na kupima tena kwa maelfu ya majaribio, na toleo lililosimama imara likatoka mwaka 1909.

Wakati huo Mjerumani Wilhelm Peukert alikuwa ameshaeleza jambo linalowatatiza mafundi mpaka leo. Mwaka 1897 alionyesha kwamba betri ya risasi ikikamuliwa haraka hutoa umeme pungufu kuliko ikikamuliwa polepole. Ile inayotoa ampea-saa 100 kwa muda wa saa 20 haitatoa 100 ikilazimishwa kumaliza kwa saa moja, hupungua sana. Ndiyo maana betri za sola zinazouzwa Kariakoo au Nairobi huandikwa C10, C20 au C100. Herufi na tarakimu hizo hutaja saa za kukamua, na betri iliyopimwa kwa saa 100 huonekana kubwa kuliko jirani yake iliyopimwa kwa saa 10, hata kama ndani zinalingana.

Basi ilibidi watu wakubaliane si juu ya vipimo tu, bali juu ya namna ya kupima. Kazi hiyo iliangukia Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, IEC, iliyoanzishwa London mwaka 1906. Rais wake wa kwanza alikuwa Kelvin, yuleyule aliyepokea sanduku la Faure.

Betri ndogo za kuchaji za nyumbani zilichelewa kuingia katika hadithi hii. Nikeli-kadimiamu, uvumbuzi wa Msweden Waldemar Jungner wa mwaka 1899, ilipata umbo lililofungwa kabisa katikati ya karne ya 20, na hapo ikaweza kukaa ndani ya tochi na redio bila kumwaga maji yake. Karibu na mwaka 1990 ikafuata nikeli-metali haidraidi. Sasa jiwe la redio la saizi ya AA lilikuwa na namba kubwa ubavuni, iliyoandikwa kwa mAh, yaani miliampea-saa, na watengenezaji wakaanza kushindana: kutoka takriban 1,100 namba hiyo ilipanda hadi zaidi ya 2,500 ndani ya miaka kama 15.

Namba hiyo ina masharti. Kanuni ya IEC kwa betri za aina hii husema: ichajiwe kwa saa 16 kwa mkondo ulio sehemu moja ya kumi ya uwezo wake, ipumzishwe, kisha ikamuliwe kwa sehemu moja ya tano mpaka volti ishuke hadi 1.0, katika joto la nyuzi 20 hivi. Betri ya 2,000 basi huchajiwa kwa miliampea 200 na kukamuliwa kwa 400, na ikidumu saa tano imetimiza ahadi. Huruhusiwa kujaribu hadi mara tano, kwa kuwa betri iliyokaa ghalani huhitaji mizunguko michache ili iamke. Kuichomeka mita ya volti hakusaidii sana, maana hubaki karibu na volti 1.2 kwa sehemu kubwa ya safari, kisha huporomoka ghafla.

Kwa muda mrefu jaribio hilo lilikuwa la viwandani. Katika muongo wa 2000 zikatokea chaja za mezani zenye kioo kidogo, zinazochaji, kukamua na kuhesabu. Moja yao, MH-C9000 ya kampuni ya Maha, ilikuwa na kitufe cha kufuata utaratibu uleule wa saa 16, kazi inayochukua karibu siku mbili. Mtu wa kawaida akaweza kugundua kwamba kati ya betri nne alizonunua pamoja, moja imechoka na inaziangusha zile tatu.

Jambo jingine likadhihirika: betri zenye namba kubwa zilijimaliza zenyewe kabatini ndani ya wiki chache. Mwaka 2005 kampuni ya Sanyo ya Japani ilileta Eneloop, yenye 2,000 tu, lakini iliyotangazwa kubaki na takriban asilimia 85 baada ya mwaka mzima bila kuguswa. Namba ndogo ikawashinda wakubwa wake sokoni.

Betri ya litiamu-ioni, ambayo Sony iliiingiza sokoni mwaka 1991, imezaa uongo wa aina nyingine. Saizi ya 18650, inayotumika katika tochi nyingi, kwa kawaida hufika 3,500 hivi hata ikitoka katika kiwanda bora. Sokoni zimejaa zenye maandishi ya 9,900. Baadhi zikifunguliwa hukutwa na betri ndogo iliyofichwa ndani ya ganda kubwa, pamoja na unga au mchanga wa kuongezea uzito.

Afrika Mashariki ilikuwa na sehemu yake katika kutafuta dawa. Mwaka 2007 Benki ya Dunia na shirika lake la IFC zilianzisha mpango wa Lighting Africa, zikianzia Kenya na Ghana, huku taa na tochi duni za kuchaji zikiwavunja moyo wanunuzi. Taa zilinunuliwa, betri zake zikakamuliwa maabara, na matokeo yakalinganishwa na maandishi ya kwenye boksi. Sharti la ukweli lilikuwa wazi: tarakimu iliyotangazwa isizidi matokeo ya maabara kwa zaidi ya asilimia 15.

Pawabenki bado zina mchezo wake. Namba yake ya mAh huhesabiwa kwa volti 3.7 za ndani, ilhali umeme hutoka kwa volti 5, kwa hiyo ile ya 10,000 haiwezi kutoa zaidi ya 7,400, na upotevu ukiondolewa hupungua zaidi. Kipimo kisichotetereka ni wati-saa, na mashirika ya ndege ndiyo yaliyokipa nguvu: hadi wati-saa 100 abiria husafiri nayo bila kuomba ruhusa, na ikizidi 160 haipandi kabisa. Pawabenki inayojinadi kuwa na 50,000 ni sawa na wati-saa 185. Mwenyewe anaweza kujua kwamba ndani hamna hata nusu ya hizo, lakini afisa wa uwanja wa ndege hana saa kumi za kuikamua. Husoma kilichoandikwa, na kwa maandishi hayo huizuia.