Habari za Siku ya Saba ya Mwezi wa Saba

Iko siku moja katika mwaka ambayo hata mtoto mdogo aijua kwa jina lake. Ndiyo siku ya saba ya mwezi wa saba, iitwayo Saba Saba. Siku hiyo ofisi hufungwa na shule hupumzika. Huku kwetu Kibeta, na hata kufika Muleba, huja wakati wa kiangazi, kahawa ikiwa imeanikwa juani, na mwenye shamba hufurahi kupata mikono ya watoto nyumbani. Wengi huiona kuwa siku ya mapumziko tu. Walakini siku hii ina habari kubwa, wala si yetu peke yetu. Twapenda kueleza ni watu gani ulimwenguni waiadhimishao, na kwa sababu gani, kisha tupime inatudai nini sisi tukaao kando ya Ziwa.

Kwanza yatupasa kufahamu kwamba tarehe ni kazi ya wanadamu. Mungu aliumba jua na mwezi ziwe alama za majira, lakini hesabu na majina tuliweka sisi. Wazee wetu walitazama mwezi ukiandama, wakazijua nyakati kwa mvua na kwa senene. Jirani zetu Waganda mpaka leo huuita mwezi wa Novemba Musenene, maana ndio msimu wa senene. Ndugu zetu Waislamu huhesabu mwaka kwa mwezi wa mbinguni, nao una siku 354 au 355. Kwa hiyo Idi yao haishiki tarehe moja ya kalenda yetu, bali hurudi nyuma kadiri ya siku 11 kila mwaka.

Kalenda yetu yatoka Roma. Mtawala Julius Caesar aliitengeneza, ikaanza kutumika mwaka wa 45 kabla ya Kristo, na mwezi huu wa Julai umeitwa kwa jina lake. Lakini mwaka wake ulikuwa mrefu kupita mwaka wa jua kwa dakika 11 hivi. Dakika 11 ni kitu kidogo. Walakini haba na haba hujaza kibaba, na baada ya karne nyingi kosa likawa siku 10. Ndipo Papa Gregory wa 13 akalisahihisha mwaka wa 1582: watu walilala tarehe 4 Oktoba, wakaamka tarehe 15. Waingereza walikataa mpaka mwaka wa 1752, na serikali ya Urusi mpaka mwaka wa 1918. Kanisa la Kiorthodoksi la Urusi halikukubali kabisa; lafuata hesabu ya zamani hata leo, nayo imechelewa siku 13.

Basi hapo twapata sikukuu ya kwanza ya tarehe 7 Julai. Sisi humkumbuka Yohana Mbatizaji, kuzaliwa kwake, tarehe 24 Juni. Warusi na Waserbia pia wasema ni tarehe 24 Juni, lakini siku hiyo ya kalenda yao ya zamani huangukia tarehe 7 Julai ya kalenda yetu. Vijijini kwao ilikuwa desturi kuwasha mioto usiku na kuiruka, na wasichana kutupa mashada ya maua mtoni. Mambo hayo yalianza kabla ya Ukristo kufika kwao. Hivyo Mkristo wa Bukoba na Mkristo wa Moscow wamkumbuka mtu mmoja, kwa tarehe moja ya kitabu, walakini kwa siku mbili mbalimbali za jua. Je, mmoja wao amekosa? Twadhani hapana. Mtume Paulo alipowaandikia Warumi habari za watu waliobishana juu ya siku, hakumlaumu aadhimishaye siku fulani, wala asiyeiadhimisha. Alitaka kila mtu awe na hakika moyoni mwake, na afanyalo alifanye kwa Bwana.

Sikukuu ya pili iko Hispania, katika mji wa Pamplona. Siku hiyo ni ya Mtakatifu Fermin, askofu na shahidi. Zamani waliiadhimisha mwezi wa Oktoba, wakati wa hali mbaya ya hewa, hata mwaka wa 1591 wakaihamisha kuwa tarehe 7 Julai. Asubuhi saa mbili mafahali wakali hufunguliwa, wakakimbia katika njia nyembamba za mji kwa muda wa mita 850 hivi, na vijana hukimbia mbele yao. Kila mwaka watu huumizwa, na wengine wamekufa. Sisi tulio na desturi ya kufuga tutashangaa kumwona mtu amchokozaye fahali kwa furaha ya sikukuu. Lakini hata hao wenyewe asubuhi ile ile huwa na maandamano ya dini na misa ya mtakatifu wao.

Ya tatu iko Japani, nayo huitwa Tanabata. Asili yake ni China, katika hadithi ya nyota mbili: mmoja ni binti mfumaji nguo, wa pili ni mchunga ng'ombe. Walipendana hata wakasahau kazi zao, basi wakatengwa, huyu ng'ambo hii na yule ng'ambo ile ya mto mweupe wa nyota tuuonao usiku. Wakaruhusiwa kuonana mara moja tu kwa mwaka, usiku wa saba wa mwezi wa saba. Siku hiyo Wajapani huandika haja zao juu ya vipande vya karatasi za rangi, wakavifunga katika matawi ya mwanzi. Tena baadhi ya miji yao hufanya sikukuu hii mwezi wa Agosti, kwa kufuata hesabu ya zamani. Twaona kwamba ubishi wa kalenda si wa Wakristo peke yao.

Ya nne ni ya Visiwa vya Solomon, katika bahari kuu ya Pasifiki. Visiwa hivyo vilikuwa chini ya Uingereza tangu mwaka wa 1893, na katika Vita Kuu ya Pili Wamarekani na Wajapani walipigana vikali katika kisiwa chao cha Guadalcanal. Tarehe 7 Julai 1978 wakapata uhuru wao. Nao wana lugha nyingi, kama sisi, na watu wa lugha mbalimbali husemezana kwa lugha moja ya shirika iitwayo Pijin.

Walakini si kila mtu aikumbukaye siku hii huikumbuka kwa ngoma. Tarehe 7 Julai 2005 watu wanne walijilipua kwa mabomu katika mji wa London, watatu ndani ya magari-moshi yapitayo chini ya ardhi, na mmoja ndani ya basi. Watu 52 waliokuwa wakienda kazini mwao waliuawa. Siku iliyotangulia mji ule ulikuwa ukishangilia, maana ulikuwa umechaguliwa kufanyiwa michezo ya Olimpiki ya mwaka wa 2012. Siku moja furaha, siku ya pili msiba. Ndiyo maana twasema siku yenyewe haina bahati njema wala mbaya. Hupata maana yake kwa matendo ya watu.

Sasa turudi kwetu. Tarehe 7 Julai 1954, katika Dar es Salaam, wajumbe 17 walikutana kukigeuza chama cha TAA kiwe chama kipya, TANU. Rais wao alikuwa Julius Nyerere, mwalimu wa shule ya Pugu. Wajumbe walitoka majimbo mbalimbali, wengine Wakristo, wengine Waislamu, na lugha za mama zao hazikuwa moja. Lugha iliyoweza kuwabeba wote na kufika vijijini ilikuwa Kiswahili, nacho chama hicho kilikitumia kudai uhuru. Tarehe 9 Desemba 1961 uhuru ukapatikana. Saba Saba ikawa sikukuu ya taifa. Kwa miaka mingi ilikuwa pia siku ya wakulima, kabla ya heshima hiyo kuhamishiwa tarehe 8 Agosti, Nane Nane. Sasa ni siku ya maonyesho makubwa ya biashara katika Dar es Salaam.

Jirani zetu wa Kenya nao wana Saba Saba, lakini ya namna nyingine. Mwaka wa 1990 nchi yao ilikuwa na chama kimoja tu kwa sheria. Kenneth Matiba na Charles Rubia, waliokuwa mawaziri zamani, waliita mkutano katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, tarehe 7 Julai, ili kudai vyama vingi. Serikali iliukataza mkutano, na wawili hao walitiwa kizuizini siku tatu kabla. Watu wakaja vivyo hivyo. Askari wakawatawanya, machafuko yakaenea kwa siku kadhaa, na watu wapatao 20 au zaidi walikufa. Mwezi wa Desemba 1991 sheria ya chama kimoja ilifutwa. Hivyo neno moja, Saba Saba, kwa Mtanzania ni kumbukumbu ya chama kuzaliwa, na kwa Mkenya ni kumbukumbu ya watu kuukataa utawala wa chama kimoja. Atakayemsalimu Mkenya kwa furaha siku hiyo na ajue kwanza kwamba kwa mwenzake ni siku ya makaburi pia.

Yako mambo mawili tena, nayo ndiyo yatugusayo sana sisi wa Kagera. La kwanza ni Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wengi wajua kwamba Mkataba wake ulitiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Wachache wajua kwamba ulianza kuwa na nguvu tarehe 7 Julai 2000. Na ndani ya Mkataba huo imeandikwa kwamba Kiswahili kitakuzwa kiwe lugha ya mawasiliano katika Jumuiya. La pili ni la mwaka wa 2021. Mwezi wa Novemba shirika la UNESCO liliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, kwa kukumbuka kazi ya lugha hii tangu mwaka ule wa 1954. Kiswahili kikawa lugha ya kwanza ya Kiafrika kupewa heshima hiyo, na siku yenyewe ikaanza kuadhimishwa mwaka wa 2022.

Kwa nini twasema mambo haya yatugusa sana? Kwa sababu sisi twajua ujirani ukivunjika huwaje. Jumuiya ya kwanza iliundwa mwaka wa 1967. Nchi tatu zilikuwa na reli moja, posta moja na ndege za shirika. Idi Amin alipoutwaa utawala wa Uganda mwaka wa 1971, wakuu wa nchi tatu hawakukutana tena barazani, na mwaka wa 1977 Jumuiya ikafa. Hatusemi kwamba kufa kwake ndiko kulikoleta vita. Aliyeivuka mipaka ni Amin. Lakini watu wasiokaa tena pamoja hukosa mahali pa kumalizia ugomvi. Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi yake yaliingia katika nchi yetu ya kaskazini ya mto Kagera, wakaua, wakachoma nyumba, wakachukua ng'ombe, na daraja la Kyaka likavunjwa. Maelfu walikimbia kwa miguu. Majeshi yetu yaliwarudisha, yakaingia Kampala mwezi wa Aprili 1979, na mkoa wetu, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, ukapewa jina la mto ule. Kwa watu wa Dar es Salaam, Jumuiya ni habari ya forodha na bei za bidhaa. Kwa mtu wa Kyaka au Mutukula ni habari ya kulala usingizi usiku.

Wako wazee waulizao: Je, tukikisifu Kiswahili, hatukiui Kihaya chetu? Swali hili ni la haki, wala si la kuchekwa, maana twaona watoto wasioweza kumwamkia bibi yao kama ipasavyo. Lakini tukumbuke habari za baba zetu. Walikuwako Wakristo wa kwanza wa Buhaya waliosoma Neno la Mungu kwa Kiganda, kabla ya kulipata kwa lugha yao. Shuleni wakajifunza Kiswahili. Nyumbani hawakuacha Kihaya. Lugha hazikugombana vinywani mwao. Kihaya ni lugha ya kizingiti cha nyumba, na Kiswahili ni lugha ya njia kuu. Mwenye nyumba isiyo na njia amefungwa, na mwenye njia asiye na nyumba ni mzururaji. Mzazi asemaye Kihaya na mtoto wake jioni hakikosei Kiswahili heshima, wala mwalimu afundishaye Kiswahili sanifu hamwibii mtoto lugha ya mama.

Basi, wenzetu, Saba Saba ijayo tusiimalize kwa kupumzika tu. Baba na awaeleze watoto wake, hata wakiwa wanageuza kahawa juani, kwa nini shule imefungwa. Mzee aliyeuona mwaka wa 1978 na awasimulie wajukuu, maana wenye kukumbuka wanapungua kila mwaka. Na mwenye jirani wa Uganda, Rwanda au Kenya na amsalimu kwa Kiswahili, amwulize habari za kwao. Siku ni moja, na kila taifa huiwekea jambo lake. Sisi na tuiwekee amani na majirani.