Jinsi umeme tuli na unyevu unavyopotosha upimaji wa vumbi la hewani

Chembechembe za vumbi na moshi zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, maarufu kama PM2.5, hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Ili kuzipima, kichujio hupimwa uzani kikiwa kitupu, hewa hupitishwa humo kwa saa 24, kisha hupimwa tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo uzani wa vumbi.

Ugumu umo katika udogo wa tofauti hiyo. Chini ya kanuni zilizotolewa Marekani mwaka 1997, mashine huvuta lita 16.67 za hewa kwa dakika, yaani mita 24 za ujazo kwa siku. Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza wastani wa siku usizidi mikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo. Hewa ya kiwango hicho huacha mikrogramu 360 pekee kwenye kichujio, takriban theluthi moja ya miligramu. Kosa dogo tu hutosha kuifanya siku ya hewa chafu ionekane salama.

Vichujio vingi vya kazi hii ni vya Teflon, plastiki isiyopitisha umeme. Vikiguswa au kusuguliwa hujaa umeme tuli, ule ule unaofanya kitana cha plastiki kivute nywele. Kichujio chenye umeme huo huvutana na kuta za kisanduku cha mizani, nayo mizani haiwezi kutenganisha mvuto huo na uzani. Tarakimu huyumbayumba, mbaya zaidi, huenda zikatulia penye kosa bila mpimaji kushtuka. Kwa hiyo kichujio hupitishwa kwanza karibu na kipande chenye poloni-210, ambayo miale yake huondoa umeme huo. Nguvu ya poloni hupungua kwa nusu kila siku 138, hivyo sharti kipande kibadilishwe.

Unyevu nao huingia kupitia vumbi lenyewe. Chumvi ya bahari na salfeti ya amonia hunywa maji kutoka hewani, na maji hayo huhesabiwa kuwa vumbi. Lakini chumba kikikaushwa kupita kiasi, umeme tuli huzidi. Ndiyo maana Marekani huagiza vichujio vilazwe kwa angalau saa 24 katika unyevu wa wastani wa asilimia 30 hadi 40, na joto la nyuzi 20 hadi 23. Katika mji wa pwani kama Mombasa, hilo haliwezekani bila mitambo ya kukausha hewa.

Vichujio vitupu huhifadhiwa maabarani na kupimwa upya. Uzani wake ukibadilika kwa zaidi ya mikrogramu 15, chanzo hutafutwa.