Kisukari cha Ujauzito: Kilijulikanaje, na Tule Nini?

Leo tuangalie nyuma kidogo, tuone jinsi ugonjwa wa sukari wakati wa ujauzito ulivyokuja kujulikana.

Mwaka 1824, mjini Berlin, Ujerumani, Heinrich Bennewitz aliandika habari za mama aliyekuwa na mimba ya tano. Mama huyo alikuwa na kiu isiyokatika, na mkojo wake ulikuwa na sukari. Mtoto wake alikuwa mkubwa mno, ratili 12, yaani zaidi ya kilo 5, akafariki wakati wa kuzaliwa. Baada ya mama kujifungua, ile kiu ikaisha.

Kwa karibu miaka 100 dawa haikuwapo. Kabla ya insulini kupatikana Toronto, Canada, mwaka 1921, baadhi ya madaktari waliwanyima wagonjwa chakula hata wakabaki mifupa. Mama, usifanye hivyo. Mjamzito hashindi njaa, huchagua chakula.

Mwaka 1964, mjini Boston, Marekani, O'Sullivan na Mahan walitoa viwango vya kupima damu baada ya mjamzito kunywa maji ya glukosi. Kipimo cha namna hiyo bado kinatumika leo.

Kwa nini sukari hupanda? Kondo la nyuma hutoa homoni zinazopunguza nguvu ya insulini. Mwili ukishindwa kuongeza insulini ya kutosha, sukari hubaki kwenye damu, humfikia mtoto, naye hunenepa kupita kiasi. Basi si kosa lako, wala si kurogwa. Lakini chakula kinaweza kuongeza hatari au kuipunguza.

Hapa kwetu, mtama na wimbi vilikuwa vyakula vya wazee wetu kabla mahindi hayajaletwa na Wareno. Leo wengi tunakula unga uliokobolewa, mkate mweupe, soda na chai ya sukari nyingi. Vyakula hivyo hupandisha sukari upesi.

Fanya hivi:
- Pika ugali wa wimbi, mtama au mahindi yasiyokobolewa, na upunguze kipande.
- Jaza nusu ya sahani kwa sukuma wiki, kunde au terere.
- Ongeza maharagwe, ndengu, samaki au yai.
- Kunywa maji badala ya soda. Kula tunda zima badala ya juisi.
- Tembea kila siku, kama daktari hajakukataza.

Je, inasaidia? Mwaka 2005, utafiti wa Australia uliohusisha wajawazito 1,000 wenye tatizo hili ulitoa jibu. Waliopewa ushauri wa chakula, kupimwa sukari, na insulini kwa waliohitaji, watoto wao waliopata madhara makubwa walikuwa 1 kwa kila 100. Kwa wengine walikuwa 4.

Ukifika wiki ya 24 hadi 28, muulize muuguzi wa kliniki kuhusu kipimo cha sukari. Ukipatikana nayo, rudi upimwe tena wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua, kwa maana kisukari kinaweza kukurudia miaka ya mbele.

Mwambie na jirani yako mjamzito.