Alipoteza Kazi Kisa Mpira, Akaja Kubeba Kombe la Afrika: Stori ya Desiree Ellis

Julai 2025 kule Morocco, Twiga Stars waliwabana Afrika Kusini 1-1 kwenye WAFCON. Opa Clement alitangulia kufunga na kwa muda mrefu Bongo nzima ikaanza kuota pointi tatu, mpaka Bambanani Mbane aliposawazisha kipindi cha pili. Kwenye benchi la wapinzani siku ile alikuwepo mama wa miaka 62 anayeitwa Desiree Ellis. Kama hukumtilia maanani, si kosa lako. Ila stori yake ni moja ya zile za kukaa kitako ukaisikiliza yote.

Mtoto wa Salt River

Ellis alizaliwa Machi 14, 1963, mtaa wa Salt River, Cape Town. Alijifunzia mpira mtaani akicheza na wavulana, kama wachezaji wengi wa kike wa Afrika. Ujanani akajiunga na timu za wanawake za hapo hapo Cape Town, akawa kiungo anayetegemewa.

Tatizo halikuwa kipaji, lilikuwa nchi. Enzi zile Afrika Kusini ilikuwa chini ya ubaguzi wa rangi, na FIFA walishaifungia. Timu ya taifa haikuwa na mechi za kimataifa, iwe ya wanaume au ya wanawake. Fikiria una miaka 20, mguu unawaka, halafu hakuna jezi ya taifa ya kuiwania. Unafika 25, hakuna. Unafika 28, bado hakuna. Umri ambao mchezaji anakuwa kwenye kilele chake, Ellis aliumalizia kwenye mechi za mtaani na za klabu tu.

FIFA waliirudisha Afrika Kusini mwaka 1992. Mwaka uliofuata ikaundwa timu ya taifa ya wanawake, hii inayoitwa Banyana Banyana. Ellis akaitwa, na tayari alikuwa na miaka 30. Wengine umri huo ndo wanaanza kufikiria kutundika daluga, yeye ndo kwanza anaanza.

Mabao matatu, kazi hakuna

Hapo ndipo palipo utamu na uchungu kwa pamoja. Ellis alikuwa na kibarua chake cha kuchanganya viungo vya nyama. Mpira wa wanawake haukuwa na mshahara, kwa hiyo kazi ile ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Ruhusa za kwenda timu ya taifa zikawa tatizo na kazi ikaota mbawa.

Akaenda hivyo hivyo. Mei 30, 1993, Banyana walicheza mechi yao ya kwanza kabisa dhidi ya Swaziland, nchi ambayo leo inaitwa Eswatini. Matokeo? 14-0. Ellis peke yake alitupia matatu. Yaani siku moja ameandika historia ya nchi, halafu anarudi nyumbani akiwa hana ajira.

Baadaye akawa nahodha. Mwaka 2000 Afrika Kusini waliandaa mashindano ya Afrika na wakafika fainali dhidi ya Nigeria. Wakiwa nyuma 2-0, mashabiki wa nyumbani walianzisha vurugu na mechi ikavunjika, kombe wakapewa Nigeria. Mwaka 2002 Ellis aliiongoza timu kubeba taji la kwanza la COSAFA kwa wanawake, kisha akastaafu akiwa na mechi 32 za taifa na miaka 39. Mechi 32 ni chache kwa mchezaji wa kiwango chake, lakini miaka kumi ya mwanzo alishaporwa na siasa.

Benchi nalo halikumfungukia haraka

Baada ya kustaafu alifundisha timu za wanawake Cape Town. Mwaka 2014 akawa msaidizi wa kocha Mholanzi, Vera Pauw, wakaenda pamoja Olimpiki ya Rio 2016. Pauw alipoondoka, Ellis akapewa timu kwa muda. Neno "kwa muda" lilidumu zaidi ya mwaka. Akabeba COSAFA ya 2017 akiwa bado kaimu, na ajira ya kudumu akaipata Februari 2018.

Mwaka huo huo akafika fainali ya Afrika kule Ghana. Dakika 120 bila bao, Nigeria wakashinda kwa penalti. Angalau tiketi ya Kombe la Dunia 2019 ilipatikana, ya kwanza katika historia ya Banyana. Kule Ufaransa walifungwa mechi zote tatu. Mitandaoni maneno yakawa mengi.

Hakukimbia. Julai 23, 2022, mjini Rabat, Hildah Magaia alifunga mawili, Morocco wakapata moja, basi. Afrika Kusini walishapoteza fainali tano kabla ya hapo: 1995, 2000, 2008, 2012 na 2018. Ellis alikuwa nahodha kwenye mojawapo na kocha kwenye nyingine. Ya sita ndiyo ikawa yao. Tuzo ya CAF ya kocha bora kwa wanawake ameshaibeba mara nne: 2018, 2019, 2022 na 2023.

Mgomo wa 2023

Sasa sikia hii. Wiki chache kabla ya Kombe la Dunia 2023, wachezaji wake waligoma kucheza mechi ya kirafiki na Botswana. Walitaka fedha zao za Kombe la Dunia ziandikwe kwenye mkataba, na uwanja waliopangiwa nao waliulalamikia. Ikaokotwa timu ya haraka haraka, akiwemo binti wa miaka 13, ikapigwa 5-0. Ellis akajikuta katikati: waajiri wake upande huu, mabinti zake upande ule. Mambo yalitulia pale taasisi ya familia ya Motsepe ilipoingiza fedha.

Kisha timu ile ile iliyokuwa ikigombana na viongozi wake ikaenda New Zealand na kufanya jambo. Agosti 2, mjini Wellington, dakika za nyongeza, Thembi Kgatlana akaipiga Italia bao la tatu. 3-2. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa Banyana kwenye Kombe la Dunia, na mara ya kwanza kwa timu ya wakubwa ya Afrika Kusini, ya kiume au ya kike, kuvuka hatua ya makundi. Walitolewa na Uholanzi 2-0 kwenye 16 bora.

Mwaka 1993 dada mmoja alikwenda kuichezea nchi na gharama akaibeba mwenyewe. Mwaka 2023 mabinti 23 walisema kwanza karatasi isainiwe, ndipo mpira uchezwe. Kati ya siku hizo mbili kuna miaka 30, na Desiree Ellis alikuwepo kwenye zote.