Mchungaji na Kodi Katika Nchi ya Marekani

Habari ya Kaisari na kodi yake ni ya kale katika Kanisa, wala haijakwisha. Yafaa walimu, na wazee watunzao hazina ya mtaa, wajue jinsi jambo hilo lilivyokuwa huko Marekani.

Mwaka 1921 sheria iliagiza kwamba nyumba apewayo mchungaji na kanisa lake isihesabiwe katika mapato yatozwayo kodi. Lakini yalikuwako makanisa yasiyo na nyumba, yaliyompa mchungaji wao fedha ya kupanga, na fedha hiyo sheria haikuitaja. Ndipo mwaka 1954 ikatajwa nayo.

Bima ya wazee ilipowekwa mwaka 1935, watumishi wa makanisa waliachwa nje. Tangu mwaka 1955 mchungaji aliruhusiwa kuingia kwa hiari, akihesabiwa kuwa mtu ajifanyiaye kazi mwenyewe. Tangu mwaka 1968 wote wakaingizwa, ila yule ambaye dhamiri yake ya dini yamkataza.

Basi mchungaji ana hali mbili. Kwa kodi ya mapato, walio wengi huhesabiwa kuwa waajiriwa. Kwa bima, hujitegemea. Mwajiriwa wa kawaida hulipa sehemu 7.65 katika mia, na bwana wake kiasi hicho hicho. Mchungaji hulipa 15.3 peke yake. Tena ile nyumba iliyosamehewa kodi ya mapato huhesabiwa katika bima, maadamu yu kazini. Lakini mtawa mwenye nadhiri ya ufukara hatozwi kodi kwa kazi aifanyayo ndani ya Kanisa kwa amri ya shirika lake.

Hapa pana hatari. Atakaye kujitoa katika bima yampasa kutia sahihi kwamba anaipinga kwa imani, si kwa kuokoa fedha. Naye akiisha kukubaliwa, hawezi kurudi. Kijana akitia sahihi kwa sababu ya uhaba tu, ameanza utumishi wake kwa uongo, na uzeeni ataona matunda yake.

Lakini je, lawama ni ya kijana peke yake? Halmashauri ya kanisa nayo ina wajibu: kuandika fedha ya nyumba kabla ya kuilipa, na kupima kama mshahara watosha kodi na chakula pia. Mtumishi asiyetoshewa na mshahara hujaribiwa, na waliompimia kidogo wana sehemu katika jaribu lake.