Mrefu na Mzito? Hivi Ndivyo Utachagua Baiki Haitakuangusha Embu

Kama uko futi 6 na nusu na kilo 120, unajua hii stori: unanunua baiki inang'aa, miezi michache spoku zinakatika moja moja na rimu inapinda. Shida si wewe. Shida ni ile baiki.

Cheki hizi vitu kabla utoe doh.

Fremu. Tafuta chuma, kubwa. Kwa mauntini, anzia inchi 21 kwenda juu. Kaa kwa kiti, weka kisigino kwa pedeli ikiwa chini kabisa. Mguu unafaa kunyooka. Ukipandisha kiti usipite alama iliyochorwa kwa nguzo yake, itavunjika ukiwa juu.

Gurudumu la nyuma. Hapa ndio uzito wako mwingi unakaa. Hesabu spoku: 36 ni sawa, 32 ni kubahatisha. Black Mamba ya kitambo huwa na 40 nyuma na 32 mbele, ndio maana inabeba mitungi mitatu ya maji ya lita 20, yaani kilo 60, na mwenyewe bado yuko juu.

Tairi. Upana wa inchi 2 na zaidi, na upepo wa kutosha. Tairi laini inagongesha rimu kwa mawe.

Breki. Hapa usicheze. Kutoka Manyatta au Kianjokoma hadi Embu mjini ni mteremko, na mwili mzito hausimami haraka. Breki za vyuma za Mamba hushika vibaya rimu ikilowa, na mvua yetu ya Machi hadi Mei unaijua. Ukikaa huko juu, chukua breki za diski, na gia za kupanda ukirudi.

Kama wewe ni wa kule chini Mbeere, upande wa Kiritiri, Mamba inatosha: haina gia, lakini spea ziko kila mahali na kila fundi anaijua.

Shokomzoba za bei rahisi wachana nazo. Zinazama ukikaa na zinaongeza uzito bure. Fomu ngumu ya chuma ni poa zaidi.

Ukinunua mtumba, angalia nyufa pale fremu imechomelewa. Halafu baada ya wiki mbili mpelekee fundi akaze spoku. Hiyo kazi ndogo ndio inaokoa rimu.