Kuunga Gari: Historia ya Nauli za Vipande Mbulu na Hanang

Reli haijawahi kufika wilaya ya Mbulu wala ya Hanang. Imezizunguka tu. Kusini, Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910 ikiwa njiani kwenda Kigoma. Kaskazini, reli iliyoanzia Tanga mwaka 1893 ilifika Moshi mwaka 1911, kisha Arusha mwaka 1929. Mkulima wa Dongobesh au mfugaji wa Basotu alibaki katikati ya njia hizo mbili, na kila aliyetaka kupanda treni ilimlazimu kwanza atafute namna ya kuifikia. Kwa watu wa huku, tiketi ya treni daima ilikuwa kipande cha safari.

Kuna wakati reli ilisogea karibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Waingereza walijenga tawi kutoka Manyoni, likapita Singida hadi Kinyangiri, upande wa magharibi wa Mlima Hanang. Halikudumu: katika miaka ya 1940 mataruma yaling'olewa. Miongo kadhaa baadaye tawi la Manyoni hadi Singida likajengwa upya, na miongoni mwa sababu zake ilikuwa ngano ya Hanang, iliyolimwa kwa msaada wa Kanada katika mashamba makubwa ya shirika la serikali la NAFCO kama Basotu, Setchet, Mulbadaw na Murjanda. Wafugaji wa Kibarabaig walipoteza malisho yao bora kwa ajili ya mashamba hayo. Reli hiyo ya pili ilijengwa kwa hesabu za magunia, na jambo hilo lisisahaulike tunapozungumzia nani alirahisishiwa safari na nani hakurahisishiwa.

Kwa hiyo historia ya usafiri wa wilaya hizi ni historia ya barabara, na barabara yenyewe ilikuwa ya vumbi hadi juzi. Ile ndefu ya enzi za ukoloni, iliyopangwa kuunganisha Cape Town na Cairo, ilipita Dodoma, Kondoa, Babati na Arusha, ikaiacha Mbulu juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Kutoka Mbulu ulishuka kupitia Dongobesh na Dareda ukatokea barabara ya Babati, au ulikwenda Karatu, au ulithubutu mteremko wa Magara hadi Mbuyu wa Mjerumani. Wakati wa masika mlima wa Magara uliamua wenyewe nani apite.

Katika mazingira hayo, kuunga gari, yaani kushuka hili na kupanda lile njiani, kulikuwa jambo la kawaida. Lori la vitunguu saumu lilikufikisha Babati ukiwa juu ya mzigo. Babati ulilala, asubuhi ukasubiri basi la Arusha. Waliokwenda Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, inayotibu watu tangu mwaka 1955, walifika kwa vipande vitatu au vinne, wengine wakiwa wamebeba mgonjwa kwenye machela katika kipande cha kwanza. Kila kipande kilikuwa na nauli yake na mapatano yake, na hakuna aliyedhani kwamba anaokoa fedha kwa kufanya hivyo. Hakukuwa na gari la moja kwa moja la kulinganisha nalo.

Ulinganisho ulianza pale lami ilipofika. Barabara ya Minjingu, Babati, Katesh hadi Singida ilikamilika kwa lami mwanzoni mwa miaka ya 2010. Ile ya Dodoma, Kondoa hadi Babati, kilomita 251, ilifunguliwa na Rais John Magufuli Aprili 2018. Ghafla Katesh, makao makuu ya Hanang, ikawa mji wa njiani. Mabasi ya Singida kwenda Arusha yanapita mlangoni, na gari ndogo aina ya Noah zinakwenda Babati kutwa nzima. Hapo ndipo abiria alipopata swali jipya: nipande basi moja hadi mwisho, au nikate safari?

Uingereza swali hilo limekuwa maarufu kwa namna ya pekee. Tangu mwaka 1968 shirika la reli la huko liliacha kutoza nauli kwa urefu wa njia peke yake, likaanza kuangalia soko: njia yenye wateja wengi matajiri ilipandishwa bei, nyingine ikaachwa chini. Matokeo yake ni kwamba anayetoka London kwenda Bristol mara nyingi hulipa kidogo akinunua tiketi mbili, moja ya kufika Didcot na nyingine ya kutoka Didcot, huku amekaa kwenye kiti kilekile cha treni ileile. Sharti ni moja: treni hiyo lazima isimame Didcot. Abiria hashuki, ila karatasi zake ndizo zinazokatwa.

Kwetu kanuni ni tofauti. Nauli za mabasi ya mikoani zinawekewa kikomo kwa kila kilomita, zamani na mamlaka ya usafiri ya SUMATRA na tangu mwaka 2019 na mrithi wake, LATRA. Mwaka 2022 kikomo cha daraja la kawaida kwenye lami kilikuwa shilingi 41.29 kwa abiria kwa kilomita, na Desemba 2023 kikapanda hadi 48.47. Daraja la kati likatoka 56.88 hadi 67.84. Kwa kanuni hiyo, kukata safari hakupaswi kuokoa chochote: Katesh hadi Babati ni kama kilomita 75, Babati hadi Arusha kama 168, na ukijumlisha vipande viwili unapata takriban shilingi 11,800, sawasawa na safari nzima.

Lakini abiria wa njiani anajua yanayotokea. Basi limetoka Singida, yeye amepanda Katesh, kondakta anamtajia nauli ya Singida hadi Arusha. Kwa vikomo hivyo hiyo ni takriban shilingi 16,000. Ziada ni kama shilingi 4,000 kwa kilomita ambazo hakusafiri. Huu ni uonevu wa miaka mingi, na ndio uliomfundisha mtu wa Hanang kukata safari: Noah hadi Babati, kisha gari linaloanzia Babati, ambako hakuna mwenye hoja ya kumtoza Singida. Mtu wa Mbulu naye alijifunza jambo lake. Kwa kuwa kiwango cha barabara ya vumbi kimekuwa juu kuliko cha lami, ilimfaa kulipa bei ya vumbi kuishia Dareda au Karatu tu, asikubali itambae hadi Arusha.

Kukata safari kuna gharama zake pia. Gunia la vitunguu saumu hulipiwa upya kila unapobadilisha gari. Mpiga debe anakuvuta huku, mwingine kule. Ukichelewa Babati unalipia kitanda cha nyumba ya wageni, na faida yote imekwisha. Mama mwenye mtoto mgonjwa hana sababu ya kushuka stendi ili kuokoa shilingi 2,000, na asilazimike kufanya hivyo.

Treni imerudi kwenye hesabu hizi. Treni ya abiria ya Dar es Salaam ilirejea Moshi Desemba 2019 na Arusha Oktoba 2020, baada ya miaka mingi ya kusimama. Kisha ikaja reli ya kisasa: Julai 2024 treni za umeme zilianza kufika Dodoma, na Rais Samia Suluhu Hassan akazizindua rasmi tarehe 1 Agosti. Nauli ya daraja la kawaida ilipangwa kwa shilingi 69.51 kwa kilomita: Dar es Salaam hadi Morogoro 13,000, hadi Dodoma 31,000. Hapa mbinu ya Didcot haifui dafu, kwani kilomita ni kilomita popote utakapoikata.

Faida iko kwenye kuunga basi na treni. Kwa viwango hivyo, kutoka Babati hadi Dodoma kwa basi la kawaida kikomo ni kama 12,200. Ongeza 31,000 za treni, unafika Dar es Salaam kwa takriban 43,200. Basi la daraja la kati kwa njia hiyohiyo, kilomita kama 700, kikomo chake ni karibu 47,500. La kawaida ni kama 34,000. Kwa hiyo mwenye kubana fedha bado basi la kawaida linamfaa, ila aliyezoea daraja la kati anaokoa kama 4,000 na saa kadhaa, mradi basi la asubuhi la Babati liwahi treni ya mchana Dodoma.

Hapo ndipo penye kazi. Mamlaka zikipanga saa za mabasi ya Babati, Kondoa na Singida zilandane na saa za treni, tiketi mbili zitakuwa safari moja kweli. Nawe msomaji, ukipanda Katesh, dai tiketi iliyoandikwa Katesh, na ukitozwa Singida, itunze tiketi hiyo uipeleke ofisi ya LATRA ya mkoa.